Gari la Chicago na mlima wa Bugoye: bei yake ihesabiwe wapi?

Katika vijiji vilivyo chini ya mlima wa Rwenzori, habari ya kwamba mtoto aliye ng'ambo anatuma gari husafiri upesi kuliko gari lenyewe. Kabla meli haijang'oa nanga, majirani wamekwisha kujua rangi yake, vijana wamekwisha kugombea nani atalikalia usukani, na wazee wamekwisha kupanga safari za harusi na za mazishi. Hiyo ni furaha ya haki. Mtu aliyeondoka Bugoye kwa miguu akiwa na kikapu cha kahawa, kisha leo akaweza kuwatumia wazazi wake motokaa kutoka Chicago, amefanya jambo la kushukuriwa.

Lakini furaha haizuii hesabu. Ziko jamaa ambazo zawadi ya namna hiyo imewaletea deni badala ya nafuu: gari limefika Mombasa likakaa bandarini kwa kukosa fedha za kulitoa, au limefika nyumbani likakosa namba, au limepata namba likakosa vipuri. Makala haya yanalifuata gari hilo hatua kwa hatua, tangu Chicago, mji mkuu wa biashara wa eneo la kati la Marekani, hadi Bugoye katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Neno lake kubwa ni moja: bei ya gari la zawadi isihesabiwe kule linakonunuliwa, bali ihesabiwe hapa litakapoegeshwa, na hesabu hiyo ifanywe kabla fedha haijatoka mfukoni.

MIJI ISIYO NA BAHARI

Wengi hudhani kwamba kazi kubwa katika safari hii ni kuvuka bahari. Sivyo. Chicago imekaa kando ya Ziwa Michigan, ndani kabisa ya bara, na kutoka hapo hadi bandari ya New York ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwetu nako, kutoka Mombasa hadi Kampala ni yapata kilomita 1,170, na kutoka Kampala hadi Kasese kwa njia ya Fort Portal ni karibu kilomita 375 zaidi. Basi gari hili lina nchi kavu mbili za kupita, moja kabla ya bahari na moja baada yake, na hizo ndizo zinazokula fedha.

Miji hii ina jambo la kufanana. Chicago ilijengwa na reli: njia yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1848, na hata leo makampuni makubwa ya reli ya Marekani hukutana hapo. Tangu mwaka 1959 meli za baharini zinaweza kufika Chicago kwa kupita mto St. Lawrence na yale Maziwa Makuu ya kule, lakini njia hiyo hufungwa wakati wa barafu, na magari ya watu binafsi kwa kawaida hupelekwa kwa treni au kwa lori hadi bandari za pwani ya mashariki, kama vile New York, Baltimore au Norfolk.

Kasese nao ni mji wa reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, ikafika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikafika Kasese, ikiifuata shaba ya Kilembe. Kwa miaka mingi shaba ilishuka kwa reli hiyo, na bidhaa za ng'ambo zikapanda kwa reli hiyo hiyo. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kabla karne haijaisha treni nazo zilikuwa zimeacha kuja. Kwa hiyo Chicago bado inalo gari la moshi la kulichukulia gari lako, Kasese haina tena. Kuanzia mpakani gari litakuja kwa magurudumu yake au mgongoni mwa lori, na yote mawili yana gharama.

Baharini kwenyewe zipo njia mbili za kusafirisha. Ya kwanza ni meli ya magari, ambayo gari huendeshwa likaingia tumboni mwake na likatoka kwa kuendeshwa. Ya pili ni kontena: la futi 20 huchukua gari moja, na la futi 40 huchukua mawili, pengine zaidi yakipangwa kwa ustadi. Ndugu wawili au watatu wanaoshirikiana kontena moja hugawana nauli. Lakini washirikiane wanaojuana na kuaminiana, kwa sababu karatasi za mmoja zikikwama, kontena zima hukwama, na mwenye haki hulipa pamoja na mzembe.

Tena bahari ina misukosuko yake. Machi 2021 meli moja kubwa iliziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Tangu Novemba 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, na siku na nauli zikaongezeka. Machi 2024 daraja kubwa la Baltimore lilianguka baada ya kugongwa na meli, na bandari hiyo, mojawapo ya bandari kuu za magari nchini Marekani, ikafungwa kwa wiki kadhaa. Mzee aliyeko Bugoye hawezi kuyazuia mambo hayo, lakini anaweza kukataa kuwaahidi watu kwamba gari litafika siku fulani, hasa ikiwa siku hiyo ni ya harusi.

KARATASI HUTANGULIA MAGURUDUMU

Gari haliondoki Marekani kwa sababu tu mwenyewe amelipa nauli. Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka ya nchi hiyo hutaka kuona hati halisi ya umiliki, na hutaka hati hiyo pamoja na gari viwe mbele yake saa 72 kabla ya kusafirishwa. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo usiomalizika, inatakiwa barua ya aliyekopesha kwamba ameridhia liondoke. Utaratibu huu umewekwa kwa ajili ya kuzuia wezi, lakini humkamata pia mtu mwema asiyekuwa na subira: yule aliyenunua gari Jumamosi, hati bado ina jina la mwenye kwanza, naye ameshakata nafasi ya meli kwa Jumatano.

Jina ni jambo la kuangaliwa sana. Jina lililo katika hati ya shehena, yaani ile karatasi ya meli inayotaja mzigo na mpokeaji, liwe sawasawa na jina la mtu atakayelipokea gari Uganda, kama lilivyo katika kitambulisho chake na katika namba yake ya mlipa kodi. Katika nchi ya Bakonzo mtu huwa na jina la kuzaliwa linaloonyesha nafasi yake katika mfuatano wa watoto, na jina la ubatizo au la dini, na pengine jina la baba. Kijana akiandika "Baluku" Chicago, na kitambulisho cha mzee kikaanza na jina jingine, basi wakala wa forodha atakuwa na kazi ya kueleza, na kila siku ya kueleza ina ada yake bandarini.

Kuna desturi nyingine ya kuonya. Watu hulijaza gari nguo, vyombo vya jikoni, televisheni na viatu, kwa kufikiri kwamba nafasi tupu ni hasara. Kila kitu kilichomo sharti kiandikwe. Kisichoandikwa huhesabiwa kuwa kimefichwa, na mzigo mdogo wa viatu unaweza kulitia doa gari zima.

CHUMVI YA BARIDI

Kabla ya yote hayo lipo swali la gari lenyewe. Chicago ni mji wa theluji. Wakati wa baridi barabara zake humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia chini ya magari na kuula mwili wao mwaka baada ya mwaka. Gari linaweza kung'aa juu kama kioo, na chini mabomba ya breki yamebaki maganda ya kutu. Watu wa Kasese hawahitaji kuhubiriwa juu ya chumvi na chuma. Wanakijua kiwanda cha chumvi cha Ziwa Katwe, ambacho mitambo yake ililiwa na maji yale makali hata kazi ikasimama.

Hatari ya pili ni magari yaliyowahi kugongwa vibaya au kuzama katika mafuriko, kisha yakauzwa mnadani kwa bei ndogo. Nchini Marekani hati ya gari la namna hiyo huwekwa alama ya kuonyesha kwamba lilihesabiwa kuwa limeharibika. Kila gari la miaka hii lina namba ya chesesi yenye tarakimu na herufi 17, na kwa namba hiyo mnunuzi anaweza kuitafuta historia yake kabla ya kulipa. Asiyefanya hivyo ananunua mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe litafunguliwa baada ya kuvuka bahari.

Umri wa gari nao una sheria yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kuundwa kwake, isipokuwa aina chache maalumu. Na yale yasiyofikia kikomo hicho, lakini yamekwisha kuzeeka, hutozwa kodi ya mazingira. Yafaa ikumbukwe kwamba miaka huhesabiwa tangu gari lilipoundwa, wala si tangu mwenyewe alipolinunua. Gari lililokuwa halali lilipotoka Chicago mwezi wa Novemba linaweza kukuta mwaka mpya umeligeuza kuwa haramu.

USUKANI WA KUSHOTO

Hapa ndipo gari la Marekani linapotofautiana na magari mengi yanayoonekana Kasese. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani hukaa kulia. Marekani huendesha upande wa kulia, na usukani hukaa kushoto. Hiyo ndiyo sababu mojawapo kubwa ya magari yaliyotumika kuja kwetu kutoka Japani: Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, na gari lao likifika kwetu usukani uko mahali pake.

Jambo hili ni la zamani. Katika enzi ya ukoloni magari ya Ford yaliyouzwa katika makoloni ya Waingereza, ya usukani wa kulia, yalitoka Kanada. Kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ilikuwa na kiwanda ng'ambo ya mto tu kutoka Detroit, na ilipewa haki ya kuziuzia nchi hizo. Hata zama hizo, basi, wafanyabiashara walijua kwamba gari la eneo lile haliwezi kuletwa kwetu kama lilivyo.

Gari la usukani wa kushoto halisajiliwi Uganda kwa urahisi kama mengine. Limewekewa masharti, na anayelitaka hulazimika kwanza kutafuta idhini ya wenye mamlaka ya barabara. Kenya ina msimamo mkali kwa magari yanayosajiliwa huko: usukani uwe kulia, na umri usizidi miaka minane. Ushauri ni rahisi kutamka: jibu la wakuu lipatikane kwa maandishi kabla gari halijanunuliwa. Neno la mdomo la rafiki aliyewahi kuliona gari la namna hiyo Kampala si idhini. Huenda lilikuwa la ubalozi, au la shirika, au la mgeni apitaye.

Tena si suala la sheria tu. Barabara ya kutoka Kasese kwenda Fort Portal hupitwa na malori ya saruji ya Hima, malori ya mizigo ya Kongo, mabasi, teksi na bodaboda. Dereva aliyekaa kushoto, akitaka kulipita lori lililo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka gari lake zima limetoka kwenda upande wa wenziwe. Abiria wake naye hushuka katikati ya barabara badala ya kando. Kijana anayemtumia baba yake gari la namna hiyo na amfikirie baba huyo akilipita lori la saruji wakati wa magharibi.

FORODHA HAIJUI ZAWADI

Wapo wanaoamini kwamba kitu cha kupewa hakina kodi, kwa kuwa hakikununuliwa na mpokeaji. Forodha haijui zawadi, inajua thamani. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ina orodha ya makisio ya thamani za magari yaliyotumika, na karatasi inayosema gari lilipatikana bure haitawazuia maofisa kulitazama kama gari jingine lolote la aina yake na umri wake.

Kubwa zaidi ni namna kodi inavyohesabiwa. Msingi wake si bei ya gari peke yake, bali ni bei pamoja na bima na nauli mpaka bandarini. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Gari limenunuliwa kwa dola 4,000, na kulifikisha Mombasa, treni na meli na bima, kumegharimu dola 3,000. Msingi ni dola 7,000. Ushuru wa forodha ukiwa asilimia 25, ni dola 1,750. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18, huhesabiwa juu ya jumla ya vyote viwili, yaani dola 8,750, nayo huwa dola 1,575. Mpaka hapo ni dola 3,325, na bado hazijatajwa kodi ya zuio, tozo ya miundombinu, kodi ya mazingira ikiwa gari ni kuukuu, ada za usajili na malipo ya wakala.

Sasa msomaji na atazame ndani ya zile dola 3,325. Kati yake, dola 1,425 zimetokana na nauli na bima tu. Yaani safari ndefu hulipiwa mara mbili: kwanza kwa mwenye meli, kisha kwa mtoza kodi. Gari la bei ile ile lililotoka mahali ambapo nauli ni nusu lingepunguza pia nusu ya sehemu hiyo ya kodi. Viwango vya kodi huguswa kila mwaka bajeti inaposomwa mwezi wa Juni, kwa hiyo anayetaka kuhesabu asitumie karatasi ya mwaka jana.

Liko pia jambo la siku. Tangu mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikifuata utaratibu wa eneo moja la forodha, ambao kodi za mzigo wa Uganda hulipwa wakati mzigo ungali Mombasa. Maana yake ni kwamba mzee hawezi kusema gari lije kwanza Kasese, kisha kahawa ikiuzwa tutalipa. Fedha sharti iwe tayari meli inapotia nanga. Sheria ya forodha ya Jumuiya hutoa siku 21 za kuandikisha mzigo baada ya kuanza kuteremshwa. Baada ya hapo huweza kuhamishiwa ghala la forodha, na mwisho wa njia hiyo ni mnada. Wakati huo ada za kuhifadhi zinaongezeka kila kunapokucha. Hapa ndipo jamaa zinapouza ng'ombe, au kuweka rehani shamba la kahawa, ili kuokoa zawadi.

Ipo nafuu moja ya haki, na watu wengi hawaijui. Mtu anayerudi kuhamia nyumbani kwa kweli, baada ya kuishi ng'ambo, anaweza chini ya sheria hiyo ya Jumuiya kuingiza gari moja bila ushuru, mradi alikuwa nalo na kulitumia yeye mwenyewe kwa muda usiopungua miezi 12 kabla ya kuhama. Nafuu hiyo ni ya mwenye kuhama, si ya mwenye kutuma. Akiliuza baadaye kwa mtu asiye na haki hiyo, ushuru utadaiwa. Kwa hiyo kijana ambaye amekusudia kurejea Bugoye baada ya mwaka au miwili ana faida zaidi ya kungoja na kuja na gari lake kuliko kulitanguliza leo.

DARAJA LA LHUBIRIHA

Kutoka Kasese mjini kwenda kusini, barabara hupita Kikorongo na kuishia Bwera, kwenye mpaka wa Mpondwe. Hapo mto Lhubiriha ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Kasindi, nchi ya Kongo. Watu wa pande zote mbili ni wa asili moja, lugha yao ya nyumbani ni moja, na sokoni hukutana kwa Kiswahili. Lakini dereva akivuka daraja hilo hubadili upande wa barabara: Uganda kushoto, Kongo kulia.

Kwa hiyo gari la Chicago ambalo ni mgeni Bugoye, likisogea mbele kidogo tu kupita Bwera, linajikuta katika nchi ambayo usukani wake umekaa sawa na sheria za njia. Biashara ya magari na mizigo ya kwenda Beni na Butembo kwa njia hii ni ya miaka mingi, na inatazamia kukua: mwezi wa Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walizindua huko Mpondwe mpango wa kujenga barabara, ikiwamo ile ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, na mwaka 2022 Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hapa pana kishawishi kinachopaswa kutajwa bila kuficha. Gari la kupita kwenda Kongo halilipiwi kodi ya Uganda. Huwekewa dhamana, na njia yake hufuatiliwa mpaka litoke. Baadhi ya watu hushauriwa waandike kwamba gari ni la Kongo, kisha libaki Kasese kimyakimya. Ushauri huo ni mtego. Gari lisilotoka nchini kama lilivyoandikwa ni la magendo: laweza kutaifishwa, dhamana ikadaiwa, na aliyeandikwa jina lake akashtakiwa. Mara nyingi jina hilo si la aliyetoa ushauri, wala si la kijana wa Chicago, bali ni la mzee asiyejua hata karatasi ilisema nini.

GARI HUTUMIKA WAPI

Tuseme sasa kwamba gari limepita yote, lina namba, na limefika. Bugoye iko kando ya barabara inayoacha njia kuu kaskazini ya mji wa Kasese na kupanda kuelekea Nyakalengija, ambako wapanda mlima huanza safari ya kwenda theluji ya Margherita, mita 5,109 juu ya bahari. Mto Mubuku hupita hapo, na tangu mwaka 2009 unaendesha mitambo ya umeme ya Bugoye ya megawati 13. Ni nchi ya mashamba ya kahawa ya arabika yaliyopanda juu ya miteremko, ya mvua nyingi, na ya mito ambayo hukasirika: mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yaliharibu nyumba, barabara na madaraja wilayani, na ya mwaka 2020 yaliikumba hata hospitali ya Kilembe.

Katika nchi hiyo, gari lenye thamani ni lile linalopanda na gunia la mbolea, linaloshuka na kahawa, na linaloweza usiku kumchukua mama mwenye uchungu wa uzazi likamfikisha hospitali. Gari pana na la chini, lililoundwa kwa barabara laini za Illinois, litakwaruza tumbo kwenye jiwe la kwanza. Injini kubwa hunywa petroli, na petroli ya Kasese nayo imetoka baharini kwa njia ndefu ile ile.

Halafu viko vipuri. Fundi wa Kasese anaijua Toyota ya Japani kama kiganja chake, na spea zake, mpya na kuukuu, zimejaa madukani. Lakini hata Toyota, ambayo ina viwanda katika majimbo ya Kentucky na Indiana, huunda kule magari ambayo si ndugu kamili wa yale ya Japani. Jina ni moja, lakini taa, sehemu za usukani na pengine injini havilingani. Kifaa kimoja kikikosekana Kampala, gari hungoja chini ya mti mpaka kijana alitume sanduku jingine kutoka Chicago. Kuku hupata kiota, na zawadi huwa banda.

Safari ya kinyume, ya kutoka Kasese kwenda Chicago, haihitaji maneno mengi. Wapo wageni wanaovutiwa na magari ya zamani ya huku, yale yaliyopanda milima kwa miaka mingi, wakataka kuyachukua. Marekani huzuia gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyake vya usalama mpaka litimize miaka 25. Kwa hiyo Marekani hulikubali gari letu likiwa kongwe, nasi tunalikataa lao likizeeka. Kila nchi ina mlango wake, na mwenye mzigo hana budi kuujua urefu wa kila mlango.

HESABU YA UKOO

Je, maana yake watoto walio ng'ambo wasiwasaidie wazazi wao kwa motokaa? La hasha. Maana yake ni kwamba wafanye shauri pamoja. Kijana asitangaze kwa simu, "Mzee, gari linakuja," bali aulize kwanza: Baba, gari litafanya kazi gani? Nani ataliendesha? Bima na petroli vitatoka wapi? Nasi tuna fedha ya kodi mkononi leo, au tunatumaini kahawa?

Baada ya maswali hayo, mara nyingi itaonekana kwamba fedha za gari la Chicago, zikijumlishwa na nauli na kodi, zinatosha kununua Kampala gari la usukani wa kulia ambalo limekwisha kulipiwa ushuru, lenye vipuri vinavyojulikana, na ambalo fundi wa kwao amelikagua kwa macho yake. Gari hilo halitakuwa na sifa ya kutoka Marekani. Litakuwa na sifa ya kuwaka asubuhi.

Na kwa yule ambaye bado ameamua kutuma, utaratibu ni huu: idhini ya usukani kwanza, umri wa gari pili, historia yake na kutu yake tatu, makisio ya kodi kutoka kwa wakala mwenye leseni nne, fedha ya kodi ikiwa imewekwa kando tano, ndipo gari linunuliwe. Atakayeugeuza mpangilio huo, akaanza na kununua, atajifunza mambo hayo hayo kwa bei ya juu zaidi.

Wazee husema rahisi ni ghali. Gari la dola 4,000 lililopoteza shamba la kahawa halikuwa rahisi, na mtoto aliyelituma kwa upendo hakukusudia hivyo. Upendo wake ulikuwa mwema. Kilichokosekana ni hesabu. Nayo hesabu hiyo haihitaji meli wala kontena. Inahitaji kalamu, karatasi, na jioni moja ya mazungumzo ya kweli kati ya Chicago na Bugoye.